Jiwe la karibu na mlima wa mbali katika picha moja

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

PICHA ya shamba, ya nyumba au ya mzigo si pambo la ukutani kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka. Aliyerejea Burundi akitokea Tanzania huitumia kumwonyesha ndugu aliyebaki ng'ambo hali ya shamba la baba yao. Mfanyabiashara wa Manyovu humpelekea mteja wake wa upande wa Mugina ili aone magunia yamepakiwa katika gari lipi na turubai limefungwa vipi.

Picha ya namna hiyo ni shahidi. Shahidi aliyeona kitu kimoja tu, asijue kilichokuwa mbele wala nyuma yake, hamsaidii mtu.

Katika miaka niliyopiga picha kwenye vituo vya mpakani na vijiji vinavyovizunguka, lalamiko nililolisikia kuliko yote ni hili: kitu cha karibu kimetoka safi lakini nyuma yake ni ukungu mtupu, au mlima umetoka safi na mtu aliyesimama mbele hana sura. Wengi hulaumu kamera. Wengine huanza kudunduliza fedha za kununua nyingine ya bei kubwa zaidi.

Dawa ya tatizo hilo haiuzwi dukani. Ni kujua mahali pa kuiwekea lenzi fokasi kabla hujabonyeza kitufe.

Kwa nini kimoja hutoka na kingine hufifia

Lenzi hailengi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ukiilenga kwenye jiwe lililo umbali wa mita 4, nuru inayotoka kwenye jiwe hilo hukutana sawasawa juu ya filamu, na kila nukta ya jiwe huwa nukta katika picha. Nuru inayotoka mlimani hukutana kabla ya kuifikia filamu, halafu hutawanyika. Nukta ya mlima inakuwa duara dogo. Maduara mengi yakipandana, ndipo tunapoona ukungu.

Jicho la binadamu, hata hivyo, lina mipaka yake. Duara likiwa dogo sana, jicho huliona kama nukta. Watengenezaji wa lenzi za kamera za filamu ya milimita 35 wamezoea kuhesabu kwamba duara lisilozidi sehemu 3 za mia za milimita juu ya filamu litaonekana kuwa nukta, picha ikisafishwa kwa ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa na kutazamwa ikiwa imeshikwa mkononi.

Kwa sababu hiyo, mbele na nyuma ya mahali ulipolenga pana eneo zima ambalo jicho litalikubali kuwa safi. Eneo hilo ndilo wapiga picha tunaloliita kina cha picha. Kazi yetu ni kulirefusha mpaka limeze vitu vyote tunavyotaka vishuhudiwe.

Kina hicho hurefushwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupunguza tundu la lenzi. Tundu likiwa jembamba, nuru hupita kama uzi, na hata ikitawanyika maduara yake hubaki madogo. Namba za tundu huwachanganya wengi kwa kuwa zinakwenda kinyume: tundu la namba 16 ni dogo kuliko la namba 4. Njia ya pili ni kutumia lenzi pana, mfano ya milimita 28, badala ya lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Ya tatu ni kusogea nyuma, usikiegemee mno kitu cha karibu.

Umaarufu wa tundu dogo una historia ndefu. Mwaka 1932 wapiga picha wa California nchini Marekani, wakiwamo Ansel Adams na Edward Weston, waliunda kundi wakaliita f/64, yaani namba ya tundu dogo sana katika kamera zao kubwa za kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Walitaka jani la karibu na mwamba wa mbali vyote vionekane bila ukungu.

Nane iliyolala

Kosa linalowapata wengi ni kulenga kabisa kitu cha mbali, au kulenga kabisa cha karibu, halafu kutumaini kwamba kile kingine kitajitokeza chenyewe. Ukilenga mlimani, nusu ya kina cha picha inakwenda nyuma ya mlima, ambako hakuna unachokitaka. Ukilenga jiwe la miguuni, mlima unaukosa.

Kati ya hayo mawili pana umbali mmoja maalumu. Ukiiwekea lenzi fokasi hapo, kina cha picha huanzia nusu ya umbali huo na kuendelea hadi upeo wa macho. Umbali huo huitwa haipafokali. Kila lenzi na kila namba ya tundu ina wake.

Kamera za plastiki za kutumia mara moja na kutupa, zilizojaa madukani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazikuwa na pete ya kuzungusha. Mtengenezaji aliiweka lenzi karibu na umbali huo tangu kiwandani na kuipa tundu dogo. Ndiyo maana mtu aliyeipiga bila ujuzi wowote alipata picha ya harusi ambamo bibi harusi na watu waliosimama ukutani wote walionekana.

Mwenye kamera ya kuzungusha pete, kama Pentax K1000, Nikon FM2 au Zenit, hahitaji kukokotoa chochote. Tazama shingo ya lenzi. Pana pete ya umbali yenye namba za mita, na mwishoni mwake pana alama kama nane iliyolala. Hiyo ni alama ya mbali kabisa. Chini yake pana mstari wa katikati, na kulia na kushoto kwake zimeandikwa namba za tundu mbili mbili: 16 huku na 16 kule, 11 huku na 11 kule.

Ukishachagua tundu la 16, usiiweke nane iliyolala kwenye mstari wa katikati. Izungushe hadi ikae juu ya alama ya 16 ya upande mmoja. Kisha soma umbali ulioangukia 16 ya upande wa pili. Kuanzia hapo hadi mlimani, kila kitu kitatoka.

Vipimo vya kukumbuka

Lenzi nyingi za siku hizi hazichorwi alama hizo. Kwa wenye lenzi hizo, nawapa vipimo ninavyovibeba kichwani, vya kamera za filamu ya milimita 35 na za dijitali zenye kioo cha ukubwa huo huo.

Lenzi ya milimita 50, tundu la 16: lenga kitu kilicho mita 5.3. Picha itakuwa safi kuanzia mita 2.6 hadi mbali kabisa. Kwa tundu la 8, lenga mita 10.5, nayo itaanza mita 5.2.

Lenzi ya milimita 35, tundu la 11: lenga mita 3.7. Itaanza karibu mita 1.9.

Lenzi ya milimita 28, tundu la 11: lenga mita 2.4. Itaanza mita 1.2.

Kamera za dijitali za kawaida zenye kioo kidogo zaidi, zinazouzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55: weka 18, tundu la 8, lenga mita 2. Itaanza mita 1.

Kama huna futi ya kupimia, tumia hatua. Mtu mzima akitanua hatua vizuri hupata karibu mita moja. Hesabu hatua toka ulipo, weka mfuko au kofia chini, kilenge, kisha ubadilishe kamera kwenda kwenye fokasi ya mkono ili isijirekebishe yenyewe unapoinua macho.

Wapo wanaofundisha kwamba ulenge theluthi moja ya urefu wa eneo unalopiga. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ni kweli katika umbali mmoja tu, yaani theluthi ya haipafokali. Ukilenga kitu cha karibu zaidi ya hapo, kina cha mbele na cha nyuma hukaribiana kuwa sawa. Ukienda mbali zaidi, cha nyuma hurefuka kupita kiasi. Usiitegemee kwa picha ambayo hutarudi kuipiga tena.

Shamba la Nyanza-Lac

Faida ya vipimo hivi niliiona wazi mwaka 2009 katika ukanda wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika.

Miaka hiyo watu waliokimbia machafuko ya 1972 walikuwa wakirejea kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya watu 50,000 walirudi, na wengine wengi walichagua kubaki. Mwaka 2010 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Familia nyingi ziligawanyika hivyo, nusu huku na nusu kule.

Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba ya michikichi ya wazazi wao yana watu wengine, baadhi yao wakiwa wameishi hapo zaidi ya miaka 30 na kuzaa watoto. Serikali ya Burundi ilikuwa imeunda mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo ili kusikiliza mashauri hayo. Mara nyingi hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kumbukumbu za wazee.

Mama mmoja aliyelelewa Mishamo alinieleza shida yake. Mzee pekee aliyeujua mpaka wa shamba la babu yao alikuwa baba yake mdogo, naye alibaki Tanzania, miguu imekwisha, hawezi safari ya basi. Mzee huyo alikumbuka kwamba mpaka ulianzia kwenye jiwe kubwa lililokuwa karibu na ua wa minyaa, ukashuka kuelekea ziwani. Ukisimama nyuma ya jiwe hilo, alisema, unaona pengo kati ya vilele viwili vya milima ya Kongo likikaa sawasawa juu ya jiwe.

Mama alikuwa amekwisha kumpelekea picha mbili zilizopigwa na mpiga picha wa mjini kwa lenzi ndefu. Katika ya kwanza jiwe lilitoka vizuri sana, nyuma yake weupe mtupu. Mzee akasema mawe ya namna hiyo yako mengi. Katika ya pili milima ilionekana, lakini mbele palikuwa na kivuli cha kijivu ambacho kingeweza kuwa jiwe, kichuguu au ng'ombe aliyelala. Mzee akasema pwani yote ya ziwa inatazamana na milima hiyo.

Hakuwa mkaidi. Alichokumbuka hakikuwa jiwe wala mlima, bali jinsi viwili hivyo vinavyopangana. Picha iliyoonyesha kimoja na kuficha kingine haikumuuliza swali analoweza kulijibu.

Tulikwenda shambani asubuhi, siku moja baada ya mvua. Hilo nalo lilikuwa na maana, kwa sababu wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika milima ya ng'ambo, na hakuna lenzi inayoweza kukitoa kisichoonekana. Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 na filamu ya ASA 100. Lenzi pana zaidi ingenipa kina cha picha kwa urahisi, lakini ingeifanya milima kuwa midogo kama meno ya kitana, na pengo la mzee lisingeonekana.

Nilisimama mita 4 nyuma ya jiwe. Niliweka tundu la 16. Lakini nane iliyolala sikuiweka kwenye alama ya 16. Niliiweka kwenye alama ya 11, kwa hiyo lenzi ikawa imelenga karibu mita 7.6. Kwa kufanya hivyo nilipoteza kidogo upande wa karibu, kwani picha ilianza kuwa safi kwenye mita 3.1 badala ya 2.6, lakini jiwe lilibaki ndani. Milima ikapata nafasi ya ziada. Huwa nafanya hivyo kila picha inapotakiwa kukuzwa, kwa kuwa ukungu ambao hauonekani kwenye picha ndogo hujitokeza kwenye kubwa. Kwa jua la asubuhi ile, kasi ya sehemu 1 ya 125 ya sekunde ilitosha, kamera ikiwa imeegemezwa kwenye mti.

Picha ilisafishwa kwa inchi 8 kwa 10 na kupelekwa Mishamo kwa mkono. Mzee aliitazama, akaweka kidole juu ya jiwe, akakipandisha hadi kwenye pengo la milima, akauliza kama mti uliokuwa kushoto umekatwa. Ulikuwa umekatwa, kisiki chake kilikuwa bado kipo, nje kidogo ya picha.

Nisieleweke vibaya. Picha si hati ya ardhi. Haikumtoa mtu shambani na haikumpa mtu shamba. Ilichofanya ni kuwafanya wazee wa mlimani, bashingantahe, na familia zote mbili wazungumzie mstari mmoja unaojulikana ulipo, badala ya kila upande kuwa na mpaka wake wa mdomoni. Anayejua jinsi kesi za ardhi zinavyoweza kugeuka kuwa damu atajua kwamba hilo si jambo dogo.

Kipi hasa unataka kisomeke

Ipo njia nyingine ambayo wafanyabiashara wataipenda. Mkanada Harold Merklinger ameieleza katika maandishi yake kuhusu fokasi. Anasema usiulize tu jicho litakubali nini. Uliza kitu unachotaka kukitambua kina ukubwa gani.

Ukilenga mbali kabisa, kitu chochote cha karibu kitatambulika ikiwa ni kikubwa kuliko upana wa tundu la lenzi. Upana huo hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa namba ya tundu. Lenzi ya milimita 50 kwa tundu la 10 ina tundu la upana wa milimita 5. Lenzi ya milimita 28 kwa tundu la 11 ina tundu la upana wa milimita 2.5 hivi.

Maana yake ni kwamba hata ukilenga kilima cha mwisho, maandishi ya namba ya gari, ambayo mistari yake ni minene kuliko hapo, yatasomeka. Maandishi madogo ya kwenye lakiri ya forodha hayatasomeka. Basi kama unataka mandhari ya mbali iwe safi kabisa na cha karibu kitambulike tu, lenga mbali. Kama unataka vyote viwe sawa kwa sawa, tumia haipafokali. Kama unataka lakiri, isogelee uipige picha yake peke yake.

Kwa mwenye simu

Wengi leo hupiga kwa simu, na hapo kuna habari njema. Lenzi ya simu ni fupi mno, milimita chache tu, kwa hiyo kina chake cha picha ni kirefu kwa asili yake. Shida huja kwa sababu simu hujichagulia yenyewe, na mara nyingi huchagua kitu kilicho karibu zaidi.

Gusa kwenye kioo kitu kilicho umbali wa mita 3 hivi, si karatasi uliyoshika wala mlima. Katika simu nyingi, ukikandamiza kidole kwa muda, fokasi hujifunga hapo. Zima mtindo wa picha za sura unaotia ukungu nyuma kwa makusudi. Unampendeza bibi harusi, lakini unafuta ushahidi.

Mwenye mzigo asishike stakabadhi sentimita 30 mbele ya simu akitumaini lori la nyuma litatoka. Mpe mwenzako aishike akiwa umbali wa mita moja na nusu, namba ya gari ionekane pembeni yake. Kisha piga ya pili ya stakabadhi peke yake. Mteja atakayepokea picha hizo mbili atajua karatasi hii ni ya gari hili.

Tahadhari

Usifikiri kwamba tundu likizidi kuwa dogo ndivyo picha inavyozidi kuwa nzuri. Kwenye namba 22 na kuendelea, nuru hujitawanya yenyewe ikipita katika tundu jembamba, na picha nzima hulegea. Kwa kamera za milimita 35, 11 na 16 zinatosha kwa kazi nyingi.

Tundu dogo pia hupunguza nuru, na kasi ya kamera hushuka. Mkono ukitikisika, hakuna kipimo cha fokasi kitakachokuokoa. Egemea ukuta, weka kamera juu ya gunia, au tumia miguu mitatu.

Mwisho, vituo vya mpakani, madaraja, askari na ofisi za forodha si mahali pa kutoa kamera bila kuuliza. Omba ruhusa kwa mkuu wa kituo, eleza unapiga nini na kwa nini. Ukinyimwa, piga mzigo wako kabla hujafika getini. Na kwa shamba lenye mgogoro, mwarifu aliyeko juu yake kabla ya kuinua kamera, kwa sababu picha iliyopigwa kwa kujificha huleta ugomvi kabla haijatoa ushahidi.

Unaporudi kwenu, au unapomwonyesha aliyebaki huko ulikotoka, chukua hatua chache nyuma, hesabu mita zako, uweke fokasi kati ya vitu viwili usivyotaka kukosa. Kisha andika kwa kalamu nyuma ya picha: mahali, tarehe, na upande ulioelekea.